Gemu ya peke yako na gemu ya halaiki: yale kijana wa Kibera na Kawangware anapaswa kujua kabla ya kuhama

Kuna swali ninaloulizwa kila kazi inaponipeleka Nairobi. Kijana huuliza hivi: "Nimemaliza gemu za panga na mazimwi kwenye PlayStation. Sasa nataka zile za mtandaoni zinazochezwa na dunia nzima, lakini mbona nikiingia nazidiwa hata na watoto?" Mzazi wake naye huuliza vingine: "Zamani nikimwita akiwa kwenye mchezo, anaitika. Siku hizi anajibu ngoja kidogo mama, kuna watu wananitegemea. Watu gani hao?"

Maswali haya mawili kwa kweli ni moja, na leo nitajaribu kulijibu. Nimewalenga hasa vijana wa Kibera na Kawangware, mitaa ambayo wengi wetu wa Pwani tuna jamaa, iwe ni Makina karibu na msikiti au kule Gatina na 46. Hata hivyo, kijana wa Kisauni au Majengo atayakuta mengi yanayomhusu.

Kwanza tuelewane maneno. Gemu ya uhusika ni ile ambayo unapewa mtu wa kubuni, unamlea kutoka unyonge hadi ushujaa, unamnunulia silaha na kumfundisha ujuzi. Ikiwa mapigano yake ni ya papo hapo, yaani kidole chako ndicho kinachokwepa upanga, hiyo ni gemu ya uhusika na mapigano. Diablo iliyotoka mwishoni mwa 1996 ni mfano wa zamani, Dark Souls ya 2011 ni mfano wa karibu. Hata Afrika tunayo: Aurion, iliyotengenezwa na vijana wa Yaoundé, Kamerun, na kutoka 2016.

Gemu ya halaiki ni ndugu yake, lakini hawafanani tabia. Hapa maelfu ya watu wako ndani ya ulimwengu mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja na mtu wake. Ultima Online ilianza 1997, RuneScape ikaja 2001 kutoka Uingereza, World of Warcraft 2004, na Albion Online, ya kampuni ya Berlin, 2017. Ulimwengu huo haulali. Ukizima mashine, wenzako wanaendelea kuchimba madini, kuuza na kupigana.

Kijana anayehama kutoka ya kwanza kwenda ya pili hudhani tatizo lake ni vidole. Si vidole. Katika gemu ya peke yako ulimwengu wote ulikungoja wewe, na katika hii mpya wewe ndiye unayewangoja wengine. Mengine yote ninayoyaeleza hapa chini yanatoka hapo.

Tuanze na umbali. Kwenye PlayStation ya kibandani, ukibonyeza kitufe, mashine iliyo mbele yako inajibu hapo hapo. Mtandaoni, kitufe chako lazima kisafiri hadi seva, ile kompyuta kubwa inayoushikilia ulimwengu wa mchezo. World of Warcraft haina seva barani Afrika, kwa hivyo mchezaji wa Kawangware hucheza kwa kawaida kwenye seva za Ulaya. Ishara yake hutoka Nairobi, ikateremka hadi kwetu Mombasa, ikaingia baharini kwa nyaya kama SEACOM au TEAMS, zote zilizoanza kazi 2009, ndipo ielekee ng'ambo. Kwenda na kurudi huchukua mara nyingi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa kusoma habari hilo si kitu. Kwa kukwepa upanga ni mauti. Na waya ukikatika, kama ilivyotokea Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipokatika upande wa Afrika Kusini, mambo huwa mabaya zaidi.

Kwa hivyo usichague gemu ya halaiki kwa uzuri wa picha. Chagua kwa mwendo wake. RuneScape, kwa mfano, huhesabu matendo kwa mapigo ya sekunde 0.6. Ukibonyeza mapema au ukichelewa kidogo, tendo lako hungoja pigo linalofuata kama la mwenzako aliye London. Hapo umbali haukuumizi sana. Toleo lake la Old School linachezeka kwenye simu tangu 2018, ni jepesi, na lina sehemu ya bure. Albion nayo inachezeka kwenye simu. Gemu inayotaka gigabaiti makumi na kompyuta ya nguvu itakumaliza data kabla hujaliona zimwi la kwanza.

Hapo niwataje wanaorahisisha mambo. Kibera kuna mtandao wa kijamii wa TunapandaNET, uliojengwa na taasisi ya Tunapanda, na kampuni ya poa! Internet ilianza biashara yake ya intaneti ya bei nafuu mtaani humo humo. Waya wa kulipia kwa mwezi, ukigawanywa na jirani wawili watatu, ni bora kuliko data ya simu inayonunuliwa kwa vipande. Gemu yenyewe ikishapakuliwa haili data nyingi. Kinacholeta hasara ni kupakua na marekebisho ya mara kwa mara, na hayo yafanyie penye Wi-Fi.

La pili ni kazi yako katika kundi. Katika gemu ya peke yako wewe ni kila kitu: ngao, upanga na dawa. Katika World of Warcraft kundi la kawaida la kuingia pangoni lina watu watano: mmoja ni ngao, anayelivuta zimwi limpige yeye. Mmoja ni mganga, anayewaponya wenzake. Watatu ni washambuliaji. Zamani kulikuwa na mapango yaliyohitaji watu 40. Kijana aliyezoea kukimbia mbele na kupiga kila kinachotikisika akiingia humo, hulivuta zimwi kwake, mganga hamfikii, na wote wanakufa. Watu humtukana, naye hudhani wanamwonea. Hapana, ndugu yangu. Umecheza vizuri gemu ile nyingine.

Dawa ni ndogo. Wiki za mwanzo chagua kazi ya kushambulia, kwa sababu kosa lako halitaua kundi zima. Mwache ngao atangulie. Sema wazi kwamba wewe ni mgeni, wengi watakuvumilia. Ukishaelewa mapango, jaribu uganga, kwa sababu waganga huwa wachache na hakuna kundi linalowakataa.

Kwamba tendo la mmoja huwafikia wote si maneno ya kupamba tu. Septemba 2005, ndani ya World of Warcraft, zimwi mmoja aitwaye Hakkar alipewa ugonjwa wa damu uliokusudiwa ubaki pangoni mwake. Wachezaji wakautoa nje bila kujua, kupitia wanyama wao wa kufugwa, ukafika mijini, na wachezaji wadogo wakafa kwa makundi. Wengine walijitolea kuwaponya wenzao, wengine wakakimbia huku na huku kuusambaza kwa makusudi. Kampuni ilijaribu kuwatenga wagonjwa ikashindwa, mwishowe ikalazimika kuzianzisha seva upya. Wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza walikuja kukiandikia kisa hicho kwenye majarida ya tiba. Haikuwa gemu tu, ilikuwa mji.

La tatu ni saa, na hili ndilo linalowaumiza wazazi. Gemu ya peke yako ina kitufe cha kusitisha. Adhana ikilia, mama akiita, stima ikikaribia kuisha kwenye tokeni, unasitisha au unahifadhi, unaondoka. Gemu ya halaiki haina kitufe hicho. Ukiondoka katikati ya pango, wenzako wanne wamepoteza saa nzima. Kwa hivyo kijana anaposema "kuna watu wananitegemea", hadanganyi. Ni watu kweli, wako Misri, Uturuki au Poland, nao wamepanga muda wao.

Katika mitaa yetu jambo hili lina uzito wake. Kibandani na kwenye saiba unalipa kwa saa au kwa mechi. Nyumbani stima hukatika bila kupiga hodi. Aliyezoea FIFA hupoteza mechi moja tu, lakini mtu wa gemu ya halaiki hupoteza jina lake. Basi fanya hivi: gawanya kazi. Kuchimba, kuvua, kupika na kufanya biashara sokoni ni kazi za peke yako, unaweza kuziacha wakati wowote, zifanye siku ambazo huna hakika na stima. Pango la kundi liweke siku ambayo una saa mbili kamili, umeshaswali, umeshamaliza kazi za shule, na nyumbani wanajua. Nawe mzazi, usimwambie tu "zima". Muulize mapema "mtamaliza saa ngapi?" kisha mshike kwa neno lake. Mkishapatana, hamtagombana.

La nne ni mali na pesa. Katika gemu ya peke yako ukifa, unarudi ulipohifadhi. Albion, ukiingia maeneo ya hatari ukauawa na mchezaji mwingine, unaacha ulivyovaa na ulivyobeba. Karibu kila silaha mle imetengenezwa na mchezaji, kwa hivyo soko lake ni soko la kweli, lina msimu wa bei juu na bei chini. Kanuni ya wazoefu ni kutobeba usichoweza kukipoteza. Mfanyabiashara yeyote wa Gikomba ataielewa.

Lakini kuna mtego. Baadhi ya gemu huuza masanduku ya bahati: unalipa pesa halisi, hujui utapata nini. Ubelgiji iliamua 2018 kwamba mengi ya masanduku hayo ni kamari, na sisi tunalijua jina hilo na hukumu yake tangu zamani. Mzazi, nambari yako ya siri ya M-Pesa isijulikane na mtoto, na simu yako isiachwe ikiwa imeunganishwa na duka la programu.

Mtego mwingine huwavutia hasa vijana wasio na kazi. Wanasikia kwamba Venezuela, uchumi ulipoporomoka, watu waliishi kwa kukusanya dhahabu ya RuneScape na kuiuza kwa dola. Ni kweli walifanya hivyo. Lakini ni kweli pia kwamba kuuza dhahabu hiyo kwa pesa halisi kunakatazwa na kanuni za mchezo, na akaunti inaweza kufungwa siku moja na jasho la miezi likapotea. Walifanya hivyo kwa sababu nchi yao iliwafunga milango. Halali iliyopo ni kutumia dhahabu yako kununua hati ya uanachama ndani ya Old School, ukacheza bila kulipa shilingi. Hiyo ni akiba. Usiigeuze kuwa ajira.

La mwisho ni watu wenyewe. Gemu za halaiki zina vyama, na neno chama hapa si la kuazima, maana vinafanana sana na vyama vyetu vya mzunguko: kuna mweka hazina, kuna zamu, kuna faini ya kuchelewa, na anayekula hela za wenzake hufukuzwa. Nimeona kijana mpole wa Kawangware, ambaye darasani hasemi, akiwapanga watu ishirini wa nchi mbalimbali kwa Kiingereza safi. Hilo ni somo ambalo pesa hainunui. Lakini katika umati huo huo yumo tapeli na yumo mtu mzima anayejifanya mtoto. Jina halisi, shule, mtaa, picha na nambari ya simu havitolewi. Anayeomba nywila kwa ahadi ya zawadi ni mwizi, hakuna mjadala. Mtoto mdogo acheze mahali pa wazi ambapo wakubwa wanaona skrini.

Maoni yangu ni haya. Kijana mwenye stima ya uhakika, mtandao wa mwezi na mzazi anayejua saa zake, ahame, atajifunza kuishi na watu. Asiye na hayo, abaki na gemu yake ya peke yake kwa sasa, wala asione haya. Pia kuna njia ya kati: marafiki wanne wa mtaa mmoja waanze gemu ya halaiki pamoja, wawe chama chao wenyewe. Stima ikikatika Laini Saba, imekatika kwa wote, na hakuna mgeni wa mbali aliyeachwa pangoni akilaumu.