Akina Jones wa Welisi

Welisi ni nchi ndogo inayopakana na Uingereza upande wa magharibi. Ina watu wapatao milioni 3.1, pungufu ya wakazi wa Dar es Salaam, na mji wake mkuu ni Cardiff. Kaskazini kuna milima na machimbo ya mawe ya kuezekea nyumba. Kusini kuna mabonde yaliyolisha viwanda na meli za dunia kwa makaa ya mawe. Kiwelisi, lugha ya kale ambayo Mwingereza akiisikia haielewi, kilikuwa na wasemaji zaidi ya 530,000 katika sensa ya mwaka 2021.

Mgeni hachelewi kuona kwamba majina ya ukoo huko ni machache mno: Jones, Davies, Williams, Evans, Thomas. Jones limeyapita yote. Mwezi Novemba 2006 watu zaidi ya 1,200 wenye jina hilo walikusanyika katika ukumbi mmoja mjini Cardiff wakaweka rekodi ya dunia.

Chanzo cha uchache huo wa majina ni historia ya utawala. Zamani Mwelisi aliitwa kwa jina lake na la baba yake, katikati likiwekwa neno ap kwa mwanamume na ferch kwa mwanamke, kama wazee wa pwani yetu walivyotumia bin na binti. Malenga mkuu wa karne ya 14, Dafydd ap Gwilym, alikuwa Dafydd mwana wa Gwilym. Kisha sheria za mwaka 1536 na 1543 zikaiunganisha Welisi na Uingereza, na Kiingereza kikawa lugha ya mahakama. Makarani walitaka jina moja lisilobadilika kutoka baba hadi mjukuu. Matajiri walitangulia kulikubali. Vijijini desturi ya kale iliendelea katika sehemu nyingine hadi karne ya 19. Kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa yamebaki machache, na John likiwa mbele, maelfu ya wana wa akina John waliandikwa Jones. Kwa hiyo akina Jones hawana babu mmoja, na wawili waishio jirani huenda wasiwe na udugu wowote.

Wenyewe walipata njia ya kutambuana. Kijijini mtu huitwa kwa kazi yake, Jones wa maziwa au Jones wa posta, au kwa jina la shamba lake. Jeshini waliitwa kwa tarakimu za mwisho za namba zao. Washairi walijichagulia majina ya ushairi na wengi wakajulikana kwa hayo hadi kaburini.

Baadhi ya akina Jones dunia nzima inawafahamu. Catherine Zeta-Jones wa Swansea alipata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Alun Wyn Jones aliichezea Welisi mechi 158 za raga, na Jade Jones wa Flint alitwaa dhahabu ya taekwondo katika Olimpiki za 2012 na 2016. Mwimbaji Tom Jones, mzaliwa wa karibu na Pontypridd, alizaliwa Thomas Woodward. Jones ni jina la ukoo wa mama yake. Lakini akina Jones waliobadilisha maisha ya watu wengi zaidi walikuwa watu wa vitabu. Mwanafunzi wetu anapotafuta eneo la duara hutumia alama ya pai, na aliyeitumia kwanza kwa maana hiyo, mwaka 1706, ni William Jones, mzaliwa wa kisiwa cha Anglesey.

Mchungaji Griffith Jones wa Llanddowror alianzisha katika miaka ya 1730 shule zilizohama kutoka kijiji hadi kijiji. Mwalimu alikaa miezi michache, akafundisha watoto na watu wazima kusoma Kiwelisi, kisha akaondoka kwenda kwingine. Hadi Griffith alipofariki mwaka 1761 watu wengi mno walikuwa wamejifunza kusoma kwa lugha yao, na nchi maskini ya wakulima ikawa nchi ya wasomaji. Mwaka 1800 msichana wa miaka 15, Mary Jones, alitembea takriban kilometa 40 bila viatu hadi mji wa Bala kununua Biblia ya Kiwelisi kwa fedha alizodunduliza kwa miaka. Habari zake zilichangia kuundwa kwa Chama cha Biblia mjini London mwaka 1804, chama ambacho baadaye kilichapisha Biblia ya Kiswahili.

Moyo huo ulivuka bahari ukafika jirani zetu. Mwaka 1818 mmisionari David Jones alishuka Madagaska na mwenzake Thomas Bevan. Homa iliwaua Bevan na mkewe na mtoto wao, ikawaua pia mke na mtoto wa Jones. Yeye alipona, akaenda Antananarivo mwaka 1820, akafungua shule kwa idhini ya Mfalme Radama. Kimalagasi, kilichokuwa kikiandikwa na wachache kwa herufi za Kiarabu, kilipata maandishi ya Kilatini, na mwaka 1835 Biblia nzima ilitoka katika lugha hiyo.

Hata hivyo jina hilo hilo lina upande mchungu kwa Waafrika. Alfred Lewis Jones, mzaliwa wa Carmarthen, alimiliki kampuni ya meli ya Elder Dempster, akasaidia kuanzisha Chuo cha Tiba za Kitropiki cha Liverpool mwaka 1898. Wakati huohuo alikuwa konseli wa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na meli zake zilibeba mizigo ya dola hiyo. Karani wake, E. D. Morel, aligundua kwamba meli zilirudi Ulaya na mpira na pembe za ndovu, ilhali kwenda Kongo zilipakia bunduki na risasi kwa wingi. Hapakuwa na biashara pale. Palikuwa na utumwa. Morel aliacha kazi akapiga kelele. Jones aliendelea kumtetea mfalme.

Gareth Jones wa Barry alichagua njia nyingine. Mwezi Machi 1933 mwandishi huyu kijana alitembea kwa miguu katika vijiji vya Ukraine, akaona njaa iliyosababishwa na serikali ya Stalin, akaitangaza kwa jina lake mwenyewe. Waandishi wakubwa walimkanusha. Aliuawa mashariki ya mbali mwezi Agosti 1935, siku moja kabla ya kutimiza miaka 30, na historia imemthibitisha.

Tajiri aliyajua ya Kongo akamtetea mfalme kwa ajili ya faida. Kijana aliyaona ya Ukraine akasema, ijapokuwa kusema kulimgharimu. Jina walipewa na makarani. Sifa kila mmoja aliichuma mwenyewe, na kwa hiyo sifa ndiyo inayofaa kuwapima.