Mfupa Nao Hufa: Maana ya Namba Katika Cheti cha Daktari

Ndugu msomaji, tufanye mfano. Mama mmoja wa Bujonde amempeleka mwanawe wa miaka saba hospitali. Mkono wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja, umevimba na kuuma siku tisa sasa. Nyumbani bibi ameukanda kwa maji ya moto. Jirani amesema mtoto amelogwa. Baba mtu naye ameanza kutoa maneno mabaya juu ya ukoo wa mkewe. Basi mama atoka kwa daktari na karatasi, na juu yake pameandikwa: D57.0, M90.43. Hajui maana yake. Aikunja, aifunga katika pindo la kanga, aondoka.

Karatasi ile yafaa kuliko ajuavyo. Leo tuisome pamoja.

MFUPA U HAI

Wengi hudhani mfupa ni kitu kikavu kama kijiti. Sivyo. Mfupa u hai, nao hulishwa na damu kama nyama ilishwavyo. Sehemu hii ya mkono, iitwayo kigasha, ina mifupa miwili: mmoja upande wa kidole gumba, mwingine upande wa kidole cha mwisho. Wakulima wa mpunga mwajua kwamba mfereji ukiziba, jaruba la mbele hukauka. Ndivyo na mfupa: njia ya damu ikizibwa, sehemu ya mbele yake hufa.

Njia hiyo huzibwa kwa sababu nyingi. Mkono ukivunjika, mishipa huweza kukatika. Dawa kali za steroidi zikitumiwa muda mrefu huweza kudhuru mfupa. Kadhalika ulevi wa miaka mingi. Na iko sababu nyingine ambayo wazazi wa nchi ya malaria yapasa waijue: selimundu, ambayo wengi huiita siko seli.

Katika ugonjwa huu chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, zikakwama katika mishipa myembamba. Nchini Tanzania hukadiriwa kwamba watoto 11,000 hivi huzaliwa nao kila mwaka. Mara nyingi mfupa unaokufa ni wa nyonga au wa bega, lakini hata mkono huweza kupatwa. Tena wadudu wa maradhi hupenda kuingia katika mfupa uliodhoofika, wakafanya usaha. Kwa macho tu ni vigumu kutenga hali hizi mbili. Hata picha ya eksirei ya siku za kwanza huweza kuonekana safi; kwa hiyo ukiambiwa urudi kupigwa picha ya pili, rudi.

HAKUNA ALIYEMLOGA

Selimundu hurithiwa kwa baba na mama wote wawili. Mtu mwenye kurithi upande mmoja tu kwa kawaida ni mzima, tena ana kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu urithi huu umeenea katika nchi za malaria. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuwa na ugonjwa. Basi, baba, usimlaumu mkeo, wala ukoo wake. Mmechangia sawasawa, bila kujua na bila kosa. Na ninyi vijana mnaojiandaa kwa ndoa, kapimeni damu mapema.

NAMBA ZASEMAJE?

Namba zile si siri wala si bei ya dawa. Ni lugha ya waganga wa dunia nzima. Mfaransa Jacques Bertillon alitoa orodha ya sababu za vifo mwaka 1893. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilishika kazi hiyo, likaongeza magonjwa yasiyoua. Toleo la 10 lilikubaliwa mwaka 1990. Toleo la 11 lilianza Januari 2022, nalo lina alama nyingine, usishangae ukiziona.

Katika toleo la 10, D57.0 ni selimundu iliyopandisha maumivu. M ni sura ya mifupa, viungo na misuli. M90.4 ni mfupa uliokufa kwa ugonjwa wa damu wa namna hii. Ile 3 ya mwisho ni mahali: mkono chini ya kiwiko. Ingekuwa 5, ingekuwa nyonga au paja. Na kama mfupa ungekufa kwa sababu ya kuumia, angeandika M87.23.

Je, yafaa nini? Tuseme mwandishi mwenye haraka ameandika M79.6 tu, yaani maumivu ya mkono au mguu. Daktari wa pili hataona habari ya damu, atatoa dawa ya maumivu, na mtoto atarudishwa nyumbani akiwa na mfupa unaooza. Namba iliyo sahihi humwonyesha daktari wa Mbeya alipoishia mwenzake wa Kyela. Tena bima huitazama kabla ya kulipa.

YAKUPASAYO

Usiukande mkono uliovimba, wala usiuchanje kwa wembe. Ukivunjika, usikubali ufungwe kwa kukaza sana: vidole vikifa ganzi au kuwa baridi, legeza upesi, ukimbilie hospitali. Mtoto wa selimundu akipata homa, usingoje kesho. Mpe maji ya kutosha, alale katika chandarua, na dawa za kliniki asikose. Mkipandishwa Mbeya, mfunike vema njiani. Baridi ya Tukuyu si joto la ziwani, na baridi huamsha maumivu yake.

Karatasi zote zitunze katika mfuko mmoja mkavu, nawe usione haya kuuliza: “Daktari, namba hii maana yake nini?” Ni haki yako.

Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kumheshimu mganga na kusali pia. Hayo mawili hayagombani. Basi yule mama wa mfano wetu na afungue pindo la kanga, amwonyeshe mumewe karatasi, wamwombee mtoto pamoja, na alfajiri wote wawili wampeleke.