Kwa nini maktaba ya Muyinga ilijengwa kwa udongo usiochomwa?

Maktaba iliyokamilika mwaka 2012 mjini Muyinga, kaskazini mashariki mwa Burundi, ilikuwa hatua ya kwanza tu ya mchoro mpana zaidi: shule jumuishi ya watoto viziwi.

Wasanifu wake, BC Architects wa Brussels, walianza kwa kuzichunguza nyumba za kienyeji. Humo walijifunza thamani ya baraza, ambapo watu hujikinga jua na mvua, wakakutana na kuzungumza. Matofali ni ya udongo wa hapohapo, ulioshindiliwa kwa mashine. Hayakuhitaji tanuri wala kuni. Adui yake ni maji, ndiyo maana paa la vigae limetokeza nje ya kuta. Ndani umetandazwa wavu wa kamba za katani, msomaji mdogo akajilaza humo na kitabu chake. Milango hufunguka kuelekea barazani, na kwa mtoto azungumzaye kwa mikono uwazi huo si pambo: asipoonekana, hajasema.

Mjini Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, tofali la kuchoma bado limezoeleka, na tanuri zake hula kuni katika nchi yenye misitu michache.