Ulezi wa wauguzi wapya katika idara ya dharura

Ulezi wa wauguzi wapya katika idara ya dharura ni utaratibu ambao muuguzi mwenye uzoefu humwongoza mwenzake aliyeanza kazi karibuni, mpaka aweze kumhudumia mgonjwa mahututi kwa usalama bila kusimamiwa. Ulezi huu hutofautiana na masomo ya chuoni kwa kuwa hufanyika kazini, ndani ya zamu, mbele ya wagonjwa halisi. Hutofautiana pia na usimamizi wa kawaida: msimamizi huangalia kama kazi imefanyika, lakini mlezi huangalia pia jinsi muuguzi mpya anavyofikiri anapoifanya.

== Umuhimu ==
Katika wodi za kawaida mgonjwa hulazwa akiwa tayari ameonwa na daktari. Katika idara ya dharura huingia kabla ugonjwa wake haujajulikana, na mara nyingi mtaalamu wa kwanza kumwona ni muuguzi. Yeye ndiye anayewapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao. Kwa mfano, katika mfumo wa upangaji uliotungwa Afrika Kusini, mgonjwa wa rangi nyekundu huhudumiwa mara moja, wa rangi ya machungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa 1, na wa kijani ndani ya saa 4. Anayestahili rangi nyekundu akipewa ya njano anaweza kufariki akiwa kwenye benchi.

Ugumu ni kwamba mwili huficha hatari. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70 ana damu ya lita 5 hivi. Anaweza kupoteza hadi lita 1.5 kabla shinikizo la damu halijashuka waziwazi, kwa sababu moyo huongeza kasi na mishipa hujibana ili kufidia upungufu. Muuguzi anayetazama shinikizo peke yake atasema mgonjwa yuko salama. Mwenye uzoefu huona mapigo yaliyoongezeka, pumzi za haraka, ngozi baridi yenye jasho na mgonjwa asiyetulia, akajua kwamba kuna damu inayovuja ndani. Naye mzee anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo anaweza kuvuja damu bila mapigo yake kupanda sana.

Mfano mwingine ni mtoto mwenye pumu kali. Mlio wa kifua ukitoweka na mtoto akitulia, asiyezoea hudhani amepata nafuu. Kumbe huenda amechoka kiasi kwamba hewa haipiti tena ya kutosha kutoa mlio, na amebakiza muda mfupi tu.

== Ngazi tano za umahiri ==
Nadharia inayotumiwa zaidi katika ulezi huu ni ya muuguzi wa Marekani Patricia Benner, aliyoieleza katika kitabu chake cha mwaka 1984. Benner aliwahoji wauguzi na kuwatazama wakiwa kazini. Kisha alitumia kielelezo cha ndugu wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: Stuart Dreyfus, mtaalamu wa hisabati, na Hubert Dreyfus, mwanafalsafa. Mwaka 1980 ndugu hao walikuwa wameeleza jinsi watu wanavyopata ujuzi, wakitoa mifano kama ya marubani na wachezaji wa sataranji. Ngazi zenyewe ni hizi:

* Mwanagenzi: hufuata kanuni alizofundishwa. Hajui ipi itangulie pale kanuni mbili zinapogongana.
* Mwanagenzi aliyesogea: ameona wagonjwa kadhaa, hutambua dalili zinazojirudia, lakini huzipa zote uzito sawa.
* Mwenye uwezo: huweza kupanga kazi yake na kuamua la kwanza na la pili. Kwa Benner, kwa kawaida hufikia hapa baada ya miaka 2 hadi 3 katika kazi ileile.
* Mahiri: humwona mgonjwa kwa ujumla wake, na hugundua haraka pale hali inapoacha mkondo uliotarajiwa.
* Bingwa: hutambua kiini cha tatizo papo hapo bila kupitia kanuni moja moja.

Ngazi hizi si vyeo vya kudumu. Muuguzi aliyebobea katika wodi ya wazazi akihamishiwa idara ya dharura hurudi ngazi za chini kwa mambo mengi ya huko. Vilevile, miaka pekee haimfanyi mtu kuwa bingwa. Anayerudia jambo lilelile bila kuambiwa alipopatia na alipokosea anaweza kubaki palepale kwa muda mrefu.

== Kazi ya mlezi ==
Bingwa si lazima awe mwalimu mzuri. Kadiri ujuzi unavyomkolea, ndivyo unavyokuwa mgumu kuueleza. Akiulizwa alijuaje kwamba mgonjwa anazidiwa, hujibu, "Nilimwangalia tu nikaona hayuko sawa." Jibu hilo ni la kweli, lakini halimfundishi anayeanza. Kazi kuu ya mlezi ni kukigeuza kile anachokiona kuwa maneno. Njia zinazotumika ni pamoja na:

* Kufikiri kwa sauti. Kama mwalimu wa hesabu anavyotatua swali ubaoni huku akitaja kila hatua, mlezi husema anachokitazama na sababu yake: "Nimeanza na pumzi kwa sababu mara nyingi hubadilika kabla ya shinikizo la damu."
* Kuuliza kabla ya kujibu. "Unahofia nini kwa mgonjwa huyu? Ukiona dalili gani utaniita?" Majibu humwonyesha mlezi mahali fikra zilipokwama.
* Kupunguza msaada polepole. Muuguzi mpya huanza kwa kutazama, kisha hushirikiana na mlezi, kisha hufanya mwenyewe mlezi akiwa karibu.
* Mazoezi ya kuigiza. Matukio ya nadra, kama moyo wa mtoto kusimama, huzoezwa kwa sanamu ili mara ya kwanza isiwe kwa mgonjwa.
* Kutoa taarifa kwa mpangilio: hali ilivyo sasa, historia, tathmini ya muuguzi na pendekezo lake. Daktari akipigiwa simu usiku huelewa upesi, na muuguzi hulazimika kufikia uamuzi wake kabla ya kupiga.
* Mazungumzo baada ya tukio, yanayochunguza kilichotokea bila kutafuta wa kulaumiwa.

Mlezi pia humzoeza muuguzi mpya kusema anapoona hatari, hata mbele ya waliomzidi umri na cheo. Pale adabu inapomfanya mdogo anyamaze, kauli ya heshima iliyozoezwa mapema husaidia: "Sista, naomba tuhakiki kipimo cha dawa hii tena." Mlezi anayeipokea kauli hiyo kwa shukrani hufundisha zaidi ya somo la darasani.

== Mshtuko wa kuanza kazi ==
Mwaka 1974 Marlene Kramer, mtafiti wa uuguzi wa Marekani, alichapisha kitabu kuhusu sababu za wauguzi wapya kuacha kazi. Alieleza kwamba furaha ya mwanzo hufuatwa na mshtuko, pale mhitimu anapogundua kuwa aliyofundishwa chuoni hayalingani na hali halisi. Baadaye huja nafuu na kuzoea. Katika idara ya dharura mshtuko huo huongezwa na vifo vya ghafla, hasa vya watoto. Mlezi anayemkalisha mwenzake chini baada ya kifo cha kwanza humsaidia kubaki katika kazi.

== Afrika Mashariki ==
Nchini Tanzania, idara ya tiba ya dharura ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifunguliwa mwaka 2010. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu zilitoa kozi ya huduma za msingi za dharura kwa ajili ya vituo vyenye rasilimali chache. Kozi hiyo hufundisha kumkagua kila mgonjwa kwa utaratibu mmoja: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, hali ya fahamu, kisha kumfunua ili kutafuta majeraha yaliyojificha.

Utaratibu huo humpa anayeanza mahali pa kushika, lakini kozi ya siku chache haiwezi kuchukua nafasi ya mlezi. Kikwazo kikubwa ni uhaba wa watumishi: muuguzi mpya huhesabiwa kuziba pengo la zamu tangu wiki ya kwanza, na mlezi hubaki na wagonjwa wengi kama kawaida. Ulezi huwezekana pale ratiba inapowaweka wawili hao zamu moja, mlezi akapunguziwa wagonjwa, na kazi hiyo ikatambuliwa rasmi.