Sikukuu za Gusii: Mwenye Spika Hulipwa Kwanza

Wiki ya Krisimasi Keroka hailali. Saa kumi alfajiri basi la Nairobi linasimama kando ya barabara kuu. Utingo anaparamia kibebeo cha juu na kuanza kuteremsha mizigo: godoro lililovishwa karatasi ya nailoni, baiskeli ya mtoto, katoni ya mafuta ya kupikia, begi lililokatika zipu na kufungwa kwa kamba. Chini, waendesha bodaboda wamekwisha kugawana abiria kabla mlango haujafunguliwa. Mvua ya jana imeziacha njia za kwenda Gesima na Ramasha zikiwa utelezi mtupu, kwa hiyo nauli ya boda nayo imepanda. Wanaobisha hawabishi kwa muda mrefu. Nani atake kupambazukiwa stejini ilhali mama amekwisha kuinjika chai?

Mji huu umekaa mpakani, nusu Kisii, nusu Nyamira, na kaunti hizo mbili za Gusii zimevutana kwa miaka kuhusu nani akusanye ushuru wa soko lake. Ukisimama hapo alfajiri ya Desemba utaelewa kwa nini. Pesa ambazo wana wa Gusii wamezichuma mwaka mzima Nairobi, Mombasa, Nakuru na ng'ambo zinapita hapa kwa majuma matatu.

Huku kwetu hatuna kiangazi cha likizo kama cha Wazungu. Agosti ni baridi, na mvua ya alasiri huja mara kwa mara. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nyamira iko juu zaidi. Msimu wetu hupangwa na kalenda ya shule na ya majani chai. Bonasi ya chai hulipwa kuanzia Septemba au Oktoba, baada ya KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, kufunga hesabu za mwaka unaoishia Juni. Shule hufungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, wavulana hupashwa tohara Novemba na Desemba, Krisimasi hufuata, kisha Januari huja na karo na kuwakumbusha watu hesabu walizokuwa wamezisahau makusudi.

Kwingineko, mtu akisema anakwenda likizo ana maana ya kuondoka nyumbani. Hapa likizo ni kurudi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba, wakati wastani wa nchi ulikuwa 82. Shamba lililogawanywa kwa babu, kisha kwa baba, kisha kwa ndugu watano, halimweki kijana nyumbani. Anakwenda mjini, na Desemba anarudi na familia. Biashara ya starehe katika kaunti hizi mbili, kuanzia basi hadi spika, imejengwa juu ya safari hiyo.

Tuanze na basi. Njia inayotumiwa na wengi ni Mai Mahiu, Narok, Bomet, Sotik, kisha Keroka na Kisii, takriban kilomita 300. Siku za kawaida kampuni hupunguziana bei hadi nauli ikaribie gharama ya mafuta. Ikifika tarehe 20 Desemba nauli huongezeka maradufu, na abiria huapa kwamba mwakani hawatapanda tena. Wenye magari wana jibu lao, nami naona lina uzito kuliko tunavyokubali: gari linajaa upande mmoja tu. Linashuka Gusii limefurika na kurudi Nairobi na viti vitupu, kwa hiyo abiria wa kwenda analipia safari mbili. Wiki ya kwanza ya Januari mambo hugeuka, na wa kurudi ndiye anayebeba mzigo.

Nisichokubali ni kuuziwa kiti ambacho hakipo. Mwaka mmoja, tarehe 23 Desemba, nilikata tiketi mapema kwa kampuni ambayo sitaitaja. Tulipofika Sotik usiku tukaambiwa gari limeharibika, tukahamishiwa matatu iliyokuwa imekwisha kujaa. Nilimaliza safari nimepakata mtoto wa mtu nisiyemjua. Dereva alikuwa na haraka ya kurudi kuchukua abiria wengine, basi. Msimu huu kila saa ya gari ina bei yake, na anayeikatia hesabu si abiria.

Ukishafika nyumbani, shughuli kubwa ni sherehe ya omware, kijana anayetoka jandoni. Zamani nyimbo za esimbore zilitosha kumsindikiza na kumpokea, na nyimbo hazikuwa na bei. Siku hizi wazazi hukodi tenti, viti vya plastiki, spika, jenereta, mpiga picha na msema chochote, yaani MC. (Nazungumzia tohara ya wavulana. Ya wasichana ni kosa la jinai chini ya sheria ya 2011, na aibu yetu ni kwamba bado hufanywa kwa siri msimu huu huu, mara nyingine na wahudumu wa afya wanaotafuta pesa za Krisimasi.)

Hebu tufuate shilingi za burudani katika sherehe moja. Tuseme baba ametenga 30,000. Ni hesabu ya mfano, lakini haiko mbali na mambo yalivyo. Tenti na viti vinachukua 10,000. Spika, jenereta na kijana wa kucheza muziki, 12,000. Msema chochote, 5,000. Zimebaki 3,000, na hizo ndizo za mpiga obokano au mwimbaji, pamoja na sahani ya wali na nyama ambayo mwenye sherehe huihesabu kama sehemu ya malipo. Tena mwenye spika hudai nusu ya pesa kabla pikapu haijaondoka uani kwake. Mwimbaji husubiri hadi jioni, wakati baba mwenye sherehe amekwisha kulipa kila mtu na anapapasa mfuko.

Kwa nini iwe hivyo? Spika ina mmiliki anayejulikana na hasara inayojulikana: mvua ikiipiga, imekwenda. Wengi wanaokodisha vyombo ni walimu na wakulima wa chai. Mwalimu ana hati ya mshahara, mkulima ana rekodi ya kilo alizopeleka kiwandani, na wote wawili huingia katika sacco na kutoka na mkopo. Mwanamuziki hana karatasi ya namna hiyo. Kipaji chake hakikubaliki kama dhamana, kwa hiyo hukodi sauti ya kuimbia kutoka kwa mtu asiyeweza kuimba.

Nilimtazama mzee mmoja akitayarisha obokano yake katika sherehe kama hiyo, mahali fulani karibu na Nyansiongo. Ni kinanda kikubwa cha nyuzi nane, bakuli la mti lililowambwa ngozi, nacho huegemezwa chini mpigaji akiwa ameketi kwenye kigoda. Sauti yake ni nzito kiasi kwamba wageni walioiandika waliilinganisha na besi kubwa ya okestra. Ngozi ilikuwa imelegea kwa unyevu, mzee akaigeuzia jua dogo lililojitokeza, akaingoja. Akakaza uzi wa tatu, akaugonga kwa kidole, akautegea sikio. Wakati huo kijana wa spika alikuwa amekwisha kuwasha jenereta, na wimbo wa Naijeria ukafunika yote. Mzee hakukasirika. Alikunja mikono na kusubiri, kama mtu aliyekwisha kuzoea kusubiri. Alipopewa nafasi alipiga kwa dakika kumi na tano, na katika dakika hizo akina mama walisimama kumtuza: noti za hamsini, za mia, moja ya mia mbili iliyobandikwa kwenye paji la uso. Nilipiga hesabu nikiwa nimekaa, nikaona tuzo zimepita malipo aliyoahidiwa. Wasikilizaji wenyewe ndio waliompandisha bei, papo hapo, bila mkataba.

Wapiga gitaa wako katika hali hiyo hiyo, ila wao wana milango mingine. Nyimbo za marehemu Christopher Monyoncho, aliyelipa jina kundi la Kebirigo Boys, bado huombwa kila sherehe, na redio za Ekegusii kama Egesa FM huzifikisha hadi kwenye vibanda vya kuuzia ndizi. Mwanamuziki wa leo hutegemea miito ya simu ya Skiza, mtandao wa YouTube na mgao wa mirabaha kutoka kwa vyama vya hakimiliki, ambavyo wasanii wa Kenya wamevilalamikia tangu nijue kusoma gazeti. Embarambamba, mwimbaji aliyepata jina kwa nyimbo za injili huku akigaagaa matopeni na kuning'inia mitini, ni mfano wa jinsi soko la simu linavyolipa. Wapo wanaomcheka. Mimi humtazama kama mfanyabiashara aliyegundua kwamba matope ya Gusii hayakodishwi na mtu. Hahitaji tenti wala jenereta, na jukwaa lake liko shambani.

Kuna mteja mwingine ambaye bila yeye hesabu haikamiliki, naye yuko ng'ambo. Wagusii wengi wamehamia Marekani, hasa jimbo la Minnesota, na wengi wao ni wauguzi na watunza wazee. Fedha zilizotumwa Kenya na walio nje zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024, zaidi ya nusu zikitoka Marekani. Hatuna namna ya kutenga sehemu ya Gusii katika jumla hiyo, lakini tunaona inakoishia: nyumba za ghorofa katikati ya migomba, na sherehe zenye tenti tatu badala ya moja. Hawa huja pia Agosti, wakati wa kiangazi cha kule, na hivyo kuna msimu mdogo katikati ya mwaka. Wakija, magari makubwa ya kukodi huadimika mjini Kisii, kuku wa kienyeji hupanda bei, na mgagani, ambao sisi huuita chinsaga, huuzwa kwa mafungu madogo kwa pesa ile ile. Kwa mwanamuziki, mgeni wa Minnesota ni bora kuliko baba wa omware, kwa kuwa hulipa kwanza na, akipendezwa, humwalika kwenda kuimba huko huko Minneapolis.

Sasa tamthilia. Ungedhani likizo ndiyo msimu wa waigizaji. Ni kinyume kabisa. Shule zikifungwa, maonyesho hufungwa nayo, maana mnunuzi mkuu wa tamthilia katika kaunti hizi ni mwanafunzi anayejiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Vikundi vya waigizaji huzunguka na fasihi teule, kama Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, na huigiza ndani ya bwalo la chakula, meza zikiwa zimesukumwa ukutani na harufu ya maharagwe ikiwa bado hewani. Kundi husafiri kwa matatu, na mavazi ya wahusika wote hutoshea katika begi moja. Asubuhi shule ya Nyamira, baada ya chakula cha mchana shule nyingine Kisii, jioni njiani tena. Waigizaji wengi ni vijana waliong'ara katika tamasha za kitaifa za drama wakiwa shuleni, wakamaliza chuo, wakakosa kazi.

Kiingilio ni pesa kidogo kwa kila mwanafunzi, na faida iko katika wingi: shule ya wanafunzi mia nane huzidi ukumbi wowote wa mjini. Lakini mlango huo una ufunguo mmoja tu, mwalimu mkuu, na akisema shule italipa karo zikiingia, kundi litaigiza kwa deni. Corona ilionyesha hatari ya kuwa na mteja mmoja. Machi 2020 shule zilipofungwa, vikundi hivi havikuwa na mahali pa kwenda.

Pigo la pili linakuja polepole, na tarehe yake inajulikana. Darasa la mwisho la KCSE litafanya mtihani 2027. Mtaala mpya unaochukua nafasi yake una somo la maigizo na filamu katika mkondo wa sanaa na michezo, lakini somo la wachache halilingani na kitabu cha kutahiniwa kinachosomwa na kila mtu. Vikundi vyenye akili vimeanza kufundisha badala ya kuigiza, vikijiuza shuleni kama wakufunzi. Vingine vitajaribu umma wa kawaida, na hapo ndipo vitakapokutana tena na mwenye spika.

Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu la utamaduni na burudani za umma. Kwa wasanii, hilo limeonekana zaidi katika leseni kuliko katika kumbi. Uwanja wa Gusii ulifanyiwa ukarabati kabla ya sherehe za Mashujaa za 2020, na tangu timu ya Shabana irejee ligi kuu mwaka 2023 baada ya miaka 17, siku ya mechi mji mzima hupata riziki, kuanzia mwenye mahindi ya kuchoma hadi mwenye hoteli. Soka ina nyumba. Obokano na tamthilia bado zinaomba hifadhi mabwaloni na chini ya tenti za watu.

Jumamosi ya kwanza ya Januari nilipita nilikoiona ile obokano. Nyasi zilikuwa bado zimelala pale tenti ilipokuwa imesimikwa. Kijana wa spika alikuwa anapakia vyombo kwenye pikapu huku amebana simu begani, akipanga bei ya mazishi ya Alhamisi. Basi la Nairobi lilipiga honi barabarani, nauli imepanda tena, ndizi na kuku juu ya kibebeo. Mzee wa obokano alikuwa shambani kwake, anachuma chai.