Udongo wa mawe ya volkano: hektari moja si sawa na hektari nyingine



Februari 2025 kambi za kuzunguka mji wa Goma zilivunjwa, na familia nyingi zikarudi Nyiragongo, Rutshuru na Masisi. Wengi walikuta shamba lao linalimwa na mtu mwingine. Ugomvi wa namna hiyo unapofika mbele ya chifu au ya kamati ya amani, mara nyingi watu huchukua kamba na kupima: mita hamsini huku, mita hamsini kule, kila upande upate sawa. Kwa macho ni haki. Lakini chini ya milima ya Virunga kamba peke yake inaweza kuleta ugomvi mpya, kwani kipande kimoja kinaweza kulisha familia na jirani yake, chenye kipimo kile kile, kisitoe hata debe moja la maharagi. Ndiyo sababu katika kurasa hizi tunataka kueleza udongo huu wa mawe: unatoka wapi, una nguvu gani, na mtu anawezaje kuutambua kabla ya kuugawa.

Umri wa jiwe

Udongo wetu ni mtoto wa jiwe. Volkano inapotapika, lava inayoshuka ni jiwe lililoyeyuka kwa moto. Ikipoa inakuwa mwamba mweusi, ule ambao kwa Kinyarwanda unaitwa amakoro. Siku hiyo hakuna udongo. Miaka inapita, na mgeni wa kwanza ni kimea kidogo cha rangi ya kijivu kinachoshika jiwe kama ukoko. Baadaye yanakuja majani ya mwituni, halafu vichaka. Mizizi inapasua mwamba, mvua inaula polepole, majani yanaoza katika nyufa. Hapo ndipo mchanganyiko mweusi unaanza kujikusanya, kiganja kimoja kimoja.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: lava hii ni ya mwaka gani? Nyiragongo ilitapika Januari 1977, tena 17 Januari 2002, tena 22 Mei 2021. Nyamulagira hutapika mara nyingi zaidi, na lava yake ya miaka ya 1938 hadi 1940 ilifika mpaka ziwa Kivu, karibu na Sake. Ukienda kutazama lava ya 2021 utaona mwamba mtupu. Ile ya 1938 imeshafunikwa na vichaka na miti katika sehemu nyingi za chini, ambako kuna joto. Juu mlimani, kwenye baridi, kazi hiyo inakwenda polepole zaidi. Lakini hata miti ikiwa imeota, udongo kati ya mawe unaweza kuwa haujafikia urefu wa kidole. Miaka themanini kwa mwanadamu ni uzee. Kwa udongo ni utoto.

Milima mingine ya Virunga, kama Mikeno, Karisimbi na Sabinyo, imenyamaza tangu zamani sana. Chini yake, kule Jomba kwa mfano, na ng'ambo ya mpaka huko Musanze na Kisoro, udongo ni mweusi na watu wanaishi wamebanana. Mawe bado yapo, tena mengi, lakini kati yake kuna udongo wa kutosha. Majivu nayo yanasaidia. Mahali ambapo volkano ilimwaga majivu na changarawe laini, udongo huwa tayari mapema kuliko pale ilipomwaga lava, maana majivu ni jiwe lililokwisha kusagwa.

Lava yenyewe ina sura mbili. Moja hupoa laini, imekunjamana kama kamba au kama ngozi ya uji. Hiyo ni bamba moja. Jembe linalia juu yake na mzizi hauna pa kupita. Nyingine hupoa ikiwa mabonge yenye ncha kali. Inatisha kuitazama, inakata miguu, lakini ina nafasi kati ya bonge na bonge, na mmea unaweza kushuka humo. Tusihukumu shamba kwa ubaya wa sura yake.

Nguvu yake na ubaya wake

Jiwe la Nyiragongo na Nyamulagira lina madini mengi ambayo mimea hula, hasa potasiamu na kalisi. Kila mwaka linaachilia kidogo. Ndiyo maana udongo mweusi uliokomaa ni mwepesi mkononi, unavunjika kama keki, na unashika maji kama sponji. Mawe yaliyo juu pia yanafanya kazi: yanavunja nguvu ya mvua ili udongo usichukuliwe, yanazuia jua lisikaushe chini haraka. Mkulima mwenye uzoefu haondoi mawe yote. Anaondoa makubwa yanayozuia jembe, madogo anayaacha.

Upande wa pili, udongo huu una choyo. Fosforo, chakula ambacho maharagi na viazi vinahitaji sana, unaikamata na kuifungia ndani yake, hata mmea ukiwa na njaa. Ukitapanya mbolea juu ya shamba lote, nyingi inapotea hivyo. Ni afadhali kuweka samadi au takataka zilizooza ndani ya shimo lenyewe, karibu na mbegu. Tena ukiachwa wazi ukakauka kabisa, unakuwa vumbi na mvua ya kwanza inapita juu yake bila kuingia. Uufunike kwa majani.

Mahali penye udongo mfupi panafaa kupandwa kwa mifuko, yaani kila mfuko wa udongo kati ya mawe upate mmea wake. Maharagi yanaridhika na kidogo. Maboga ni rafiki mkubwa wa mawe, kwani yanataka shimo moja tu na mashina yanatambaa juu ya mwamba bila kula nafasi ya mtu. Ndizi zinakubali pale ambapo mfuko ni mkubwa. Viazi vitamu na muhogo vinahitaji kina. Katika mawe vinapindika na kubaki vidogo. Ng'ombe wa kuvuta plau tusahau.

Maji, vyoo na mazuku

Mvua kwetu ni nyingi, lakini juu ya lava hakuna mto. Maji yanapita katika nyufa, yanazama, yanatokea mbali pale lava inapoishia. Waliokuwa Kibumba mwaka 1994 wanakumbuka: mamia ya maelfu ya wakimbizi waliwekwa juu ya mwamba usio na maji, maji yakawa ya kuletwa kwa magari. Vyoo havikuchimbika, makaburi hayakuchimbika. Katika majuma machache kipindupindu na kuhara viliua makumi ya maelfu ya watu kuzunguka Goma. Tangu hapo inajulikana kwamba juu ya lava choo kinajengwa kuinuliwa, na shimo lake linahitaji kuondolewa uchafu mara kwa mara. Mwenye kupanga makao ya watu akumbuke jambo hilo kabla ya kuhesabu mahema. Isitoshe, uchafu unaotupwa katika ufa hausafishwi na udongo njiani, kwa sababu udongo haupo.

Kuna na mazuku. Katika mabonde madogo na nyufa za upande wa Mugunga na Bulengo hutoka hewa nzito isiyoonekana, inayolala chini na kuua mbuzi, kuku, na watoto wanaoinama kuokota kuni, hasa alfajiri wakati hakuna upepo. Panapoonekana ndege au wadudu wamekufa chini pasipo sababu, pasijengwe. Shimo la namna hiyo lisihesabiwe katika kipimo cha shamba la mtu, hata kama udongo wake ni mweusi na mzuri.

Kugawa na kuandika

Tunapendekeza kwa machifu, nyumbakumi na kamati za amani wafanye hivi. Kabla ya kamba, pande zote mbili zitembee shamba pamoja na mzee anayejua lava ile ni ya lini. Mtu mmoja achukue mtaimbo au fimbo ya chuma, auchome ardhini mahali kumi tofauti mbele ya wote. Unapogonga mwamba kabla ya kufika kina cha kiganja, hapo si pa mahindi. Unapozama mpaka goti, hapo ndipo penye thamani. Baada ya hapo watu wanaweza kukubaliana kwamba kipande cha mawe kiwe kikubwa zaidi, au kwamba kila upande upate sehemu ya mifuko mizuri.

Mipaka nayo. Lava inapopita inazika mimea ya mpaka, njia na nguzo. Ile ya 2002 iliingia katikati ya Goma na kuacha watu zaidi ya 100,000 bila makao. Haukupita muda mrefu wakaanza kujenga juu yake, kila mmoja akikumbuka kwa akili kiwanja chake kilikuwa wapi. Kumbukumbu za majirani watatu zina nguvu kuliko ya mmoja, nazo ziandikwe mapema kabla wazee hawajaondoka.

Jambo la mwisho ni kazi ya mawe, na hapo tunaona dhuluma nyingi. Familia iliyohama inakodi kipande cha mawe kwa bei ndogo. Inatumia misimu miwili kuvunja, kuokota na kupanga ukuta. Shamba likianza kuzaa, mwenyewe analirudisha au anapandisha bei. Karatasi ya mapatano iseme tangu mwanzo: nani anaondoa mawe, ukuta ni wa nani, mpangaji atalima misimu mingapi kabla bei haijabadilika, na kama atatolewa mapema alipwe nini. Pande zote mbili ziweke kidole mbele ya mashahidi. Nakala moja ikae kwa mwenye shamba, moja kwa mpangaji, ya tatu kwa chifu.