Cheo kilichofutwa kwenye karatasi

Tangu Februari 2023, vita ya Wambole na Walengola kwa ajili ya udongo wa konsesio imejaza wakimbizi hapa Lubunga. Katika mabishano yote, neno moja ndilo linachoma: nani mwenyeji, nani mugeni.

Sisi wa sendika tunajua neno namna hiyo. Siku moja tulikaa mezani na patron mmoja kwa mambo ya shimo la almasi. Juu ya feza tulisikilizana. Lakini karatasi ilituita "wavamizi", tukasimama, tukatoka. Bamama walikaa wiki mbili bila kitu ya kupika.

Ndiyo maana habari ya Hudaibiya, ambayo mashehe wanaieleza, inanigusa. Mwaka 628 Mtume Muhammad alikuwa anapatana na Wakureshi wa Makka. Ali aliandika "Mtume wa Mungu". Suhail bin Amr akakataa. Mtume akaamuru maneno yafutwe, iandikwe "Muhammad mwana wa Abdallah". Umar alikasirika, aliona ni aibu. Lakini vita ilisimama, watu wakatembea bila woga, na mwaka 630 Makka ilichukuliwa karibu bila damu.

Angalia vizuri: alifuta cheo chake mwenyewe, hakufuta cha mwenzake. Na bei ililipwa. Abu Jandal, mtoto wa Suhail, aliyekuja mbio na minyororo mwilini, alirudishwa.

Wazee wa pande mbili, nani ataanza kufuta neno lake?